Chai ya Chini ya Gogo

Matokeo ya mtihani wa leseni yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya Dola siku ya soko, saa nne asubuhi, makusudi kabisa, ili asipatikane mtu wa kusema hakuona. Fundi Magogo, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji, alikuwa wa mwisho. Maksi kumi na moja kati ya mia. Wa kwanza alikuwa mkwewe, Karani, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope la mgodini hata kwa bahati mbaya. Tisini na nne.

Mke wa Fundi, ambaye mji mzima ulimwita Mama Chupa, aliisoma orodha ile kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, akidhani huenda ukianza na upande mwingine mambo yatabadilika. Hayakubadilika. Nyuma yake wanawake wa sokoni walianza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Pole, shoga," mmoja wao akamwambia. "Lakini si imebaki humo humo nyumbani? Mkwe ni mtoto."

"Asante. Na mbwa wako je, amefaulu?" akauliza Mama Chupa, maana wiki ile Dola ilikuwa inaandikisha mbwa pia.

Akachukua karatasi ya mumewe dirishani, akaisoma pale pale barazani. Maswali tisa, kila moja maksi kumi, na kumi nyingine za unadhifu. Za unadhifu Fundi alizipata zote. Ile moja iliyobaki sijui ilikuwa ya nini, labda ya huruma. Swali la kwanza lilitaka vyeo vyote vya Mtukufu wa Dola kwa mpangilio, na Fundi alikuwa ameandika, "Sijaonana naye." Swali la tatu liliuliza rangi rasmi ya nguzo za mgodi. Jibu: "Gogo halipakwi rangi. Rangi inaficha ufa." Sifuri. Swali la saba ndilo lililomtia Mama Chupa joto la masikio: "Baada ya nguzo kusimikwa, jambo la kwanza kufanywa ni nini?" Jibu sahihi, kwa mujibu wa kitabu cha Dola, lilikuwa kujaza taarifa kwa nakala tatu. Fundi alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: "Kukaa chini yake na kunywa chai." Pembeni, kwa wino mwekundu, mtahini alikuwa ameandika neno moja: UVIVU.

Mtu wa kuja hawezi kuelewa bila kuelezwa. Katika mgodi ule, gogo jipya likisimamishwa, hakuna mchimbaji anayepita chini yake mpaka Fundi mwenyewe akae hapo, ameegemeza mgongo, anywe kikombe kizima cha chai ya moto, taratibu. Gogo bichi likianza kubeba mzigo wa mwamba husema. Hulia kidogo, hukohoa, halafu hutulia. Mwenye sikio hujua kilio cha gogo linalojikalisha na kilio cha gogo linalokata roho. Na chai hiyo lazima itoke jikoni kwa Fundi, na lazima mkewe ailete kwa mkono wake na asimame hapo akimtazama mpaka aimalize. Ya hotelini haihesabiki. Wachimbaji si wajinga. Walikwisha kuona kuwa mwanamume anaweza kumdanganya nyapara na hata kujidanganya mwenyewe, lakini hakuna mke atakayempelekea mumewe chai chini ya gogo lenye mashaka. Kwa miaka ishirini na sita Mama Chupa alikuwa amepanda kile kilima na chupa yake nyekundu, yenye mfuniko uliofungwa kwa waya, na kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyefia chini ya gogo la mumewe.

Dola haikuingia mjini kwa kishindo, la hasha. Kwanza ilileta bendera na biskuti za watoto. Halafu ikaleta meza ya kuwekea bendera. Halafu askari wa kuilinda meza, halafu nyumba za askari, halafu kodi ya kujengea nyumba za askari. Mwisho akaja Mwakilishi wa Dola mwenyewe, bwana mnene mwenye suruali nyeupe, ambaye hakuweza kuona kitu bila kukigonga muhuri. Watu wakamwita Bwana Muhuri, na yeye alipopata habari akafurahi, akadhani ni heshima.

Sheria yake ya leseni ilikuwa fupi. Asiye na leseni hana kazi, na nyumba ya kazi ni ya mwenye leseni. Wasioifikia hamsini walipewa mpaka mwisho wa mwezi wawe wamehama. Nyumba ya Fundi ilikuwa vyumba viwili, jiko na kibaraza, na Mama Chupa alikuwa ameipaka chokaa kwa mikono yake kila mwaka tangu akiwa bibi harusi.

* * *

Jumapili alasiri Karani na mkewe walikuja kusalimia. Huyo mkewe ndiye mtoto pekee wa Fundi na Mama Chupa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia Fundi.

"Haba," akasema Mama Chupa, na Karani akakalia nusu ya kiti.

Wakazungumza habari za joto. Joto lilipokwisha wakazungumza bei ya mkaa. Mkaa nao ulipokwisha, Karani akajikohoza, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Baba, huu ni utaratibu tu. Kila mwenye leseni anatakiwa awe na msaidizi. Nikaona badala ya kutafuta mtu baki..."

"Msaidizi wa nani?" akauliza Mama Chupa, na alikuwa amesikia vizuri sana.

"Wangu, mama. Ni kwenye makaratasi tu. Kazi atafanya baba kama kawaida. Mimi nita... nitasimamia."

"Utasimamia ukiwa wapi?"

"Ofisini."

Fundi akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. Vidole vyake vilikuwa vinene na vyeusi kwa utomvu wa miti. "Kuna mahali pa kuandika miaka niliyofanya kazi?"

"Hapana, baba. Ila kuna mahali pa kuandika urefu wako."

Fundi akacheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimkanyaga atakuuliza kama umeumia mguu. Akatia sahihi. Mama Chupa akageuza uso asione, na huko alikogeukia akamwona binti yake amesimama dirishani na futi ya kamba mkononi.

"Unapima nini, mwanangu?"

"Naangalia upana tu, mama. Yale mapazia yetu marefu, tukihamia..." Akasita. "Lakini hamfukuzwi, jamani! Mtakuwepo hapa hapa mpaka mtakapopata."

"Mpaka tutakapopata nini?"

Binti akavuta futi ile kwa nguvu, upande wa pili ukamponyoka. Mama Chupa, kwa mazoea ya miaka yote ya kumsaidia mtoto yule kila kilichomshinda, akasogea akaushika. "Mita moja na robo," akasema. "Usisahau ya pindo." Kisha akaenda jikoni, akainamia meko kana kwamba anapuliza moto, akalia. Mekoni hapakuwa na moto.

* * *

Njia mpya ya mgodi ilifunguliwa wiki iliyofuata kwa sherehe ya kiserikali. Viti vilipangwa mbele ya mdomo wa handaki na utepe ukafungwa. Magogo ya Fundi, aliyoyasimamisha kwa siku mbili bila kulala vizuri, yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe na bluu mpaka yakafanana na vijiti vya pipi. Bwana Muhuri alihutubia kwa muda ambao ungetosha kuchimba handaki jingine. Akaukata utepe. Askari wakapiga makofi. Wachimbaji mia na arobaini, na koleo zao begani, wakabaki wamesimama.

"Mbona hawaingii?" akauliza Bwana Muhuri.

"Wanasubiri chai, mheshimiwa," akajibu nyapara.

"Basi wapeni chai!"

"Si yao, mheshimiwa. Ya Fundi. Akae chini ya gogo anywe, ndipo waingie."

Bwana Muhuri akahema kwa uvumilivu wa mtu mwenye cheo. "Haya, Fundi na anywe."

Macho mia na arobaini mara mbili yakamgeukia Karani. Leseni ilikuwa imening'inia shingoni mwake kwa kamba, na picha, na mihuri miwili. Sheria ilikuwa sheria. Karani akamtazama baba mkwe wake. Baba mkwe akawa anatazama mawingu.

Gogo la kwanza lilikuwa hatua kumi ndani, mahali mwanga ulipofika na kila mtu aliweza kuona. Karani alikwenda kama anayepelekwa kutahiriwa ukubwani. Akakaa, akaegemea kidogo, akajitoa kidogo. Mkewe akaja nyuma yake na chupa mpya yenye maua. Akamimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikaanguka kwenye goti la mumewe. Halafu akageuka kumtafuta mama yake, ambaye alikuwa amekuja na chupa yake nyekundu bila kuambiwa na mtu, miguu tu ndiyo iliyomleta.

"Mama, nirudi nyuma?"

"Hapana. Unasimama hapo hapo."

"Na likianguka je?"

"Ndiyo maana unasimama."

Binti akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Siku zote ulikuwa unasimama hivi?"

"Siku zote."

Hapo gogo likasema. Lililia kidogo, kilio chembamba, likafuatisha na mlio kama wa kifundo cha mguu wa mzee anayeinuka. Karani hakungoja tafsiri. Alitoka mle ndani na kalamu zake tatu zikimwagika nyuma yake, kikombe kikamtangulia, na chai yote ikatua kwenye suruali nyeupe ya Bwana Muhuri. Binti akamrukia mumewe, akamkumbatia, akampiga kifuani, akalia, yote kwa wakati mmoja.

"Nguzo mbovu hii!" akafoka Bwana Muhuri, ameshikilia suruali isimguse ngozi. "Mkamateni aliyeisimamisha!"

Askari wawili wakamshika Fundi mikono. "Niacheni kwanza nilisikilize," akasema, kwa upole uleule wa kila siku, nao wakamwachia kwa kukosa la kufanya. Akaingia. Akatoa kisu akakwangua ile rangi ya Dola, hapa na pale, akautazama uti wa mti kwa makini. Akaweka sikio. Kisha akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu.

"Mke wangu, lete."

Mama Chupa akaenda. Watu walidhani amezoea, na yeye hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila mara alikuwa anaogopa, leo kama siku ya kwanza. Akamimina bila kumwaga hata tone. Gogo likalia tena. "Linajikalisha tu," akasema Fundi, akapiga funda. Alipomaliza akakipindua kikombe, na wachimbaji mia na arobaini wakabeba koleo zao, wakaingia.

Bwana Muhuri aliyaona yote hayo. Alikuwa karibu kabisa, amelowa mapajani.

* * *

Mama Chupa alingoja siku tatu. Alikuwa na hakika. Mtu hata awe na kichwa kigumu vipi, akimwagiwa ukweli wa moto kiasi kile, si atauhisi? Siku ya nne tarishi akaleta barua yenye mihuri mitano.

Dola, baada ya kutafakari, ilikuwa imegundua upungufu katika utaratibu wake na kuurekebisha. Karani angebaki kuwa Fundi mwenye leseni, kwa mshahara na nyumba. Msaidizi wake angepandishwa kuwa Mnywaji Chai wa Mgodi, Daraja la Tatu, kwa theluthi ya mshahara wake wa zamani. Makazi yake yangekuwa stoo ya uani ya nyumba hiyohiyo, ambayo ilikuwa na dirisha.

"Ina dirisha kweli," akasema Fundi. "Nililitoboa mwenyewe, la kupitishia mkaa."

"Na wewe umesemaje?"

"Niseme nini, mke wangu? Angalau tutapata pa kulala. Mtoto atakuwa karibu." Akaikunja barua, akaiweka chini ya taa, na mikono yake ikatafuta pengine pa kukaa isipaone.

Hicho ndicho kilichomkata maini. Si barua. Angeweza kuyameza ya Dola, watu walishayameza makubwa zaidi. Lakini mume wake, aliyekuwa akisikiliza milima, amekubali kuitwa Mnywaji Chai na bado anawashukuru kwa dirisha! Mama Chupa alimwonea huruma mpaka akamchukia kidogo, akajichukia kwa kumchukia. Asubuhi yake hakuwasha moto.

Siku hiyo kulikuwa na magogo mawili mapya ndani. Saa mbili wachimbaji wakajipanga. Saa tatu wakakaa chini. Saa nne nyapara akaja mbio, akamkuta Mama Chupa amekaa barazani, chupa nyekundu mapajani, imekauka kabisa.

"Mama, chai!"

"Nina leseni, mimi?"

"Leseni ya nini tena, mama yangu?"

"Soma hapo." Akamwonyesha tangazo la Dola lililobandikwa kwenye mlango wa kila nyumba. Asifanye mtu kazi yoyote ya mgodi bila leseni. "Kunywa chai sasa ni kazi ya mgodi, ina daraja kabisa. Basi na kuipika ni kazi ya mgodi. Mimi ni raia mwema, mwanangu. Siwezi kuvunja sheria."

Nyapara alipiga paja akacheka, kisha akakumbuka cheo chake, akaondoka. Ofisi ikapeleka chai ya hotelini katika birika la fedha. Wachimbaji wakaishukuru, wakainywa wao wenyewe, wakaendelea kukaa. Ofisi ikamtuma Karani amwambie mkewe apike. Adhuhuri Binti akatokea na chupa yake yenye maua. Mama Chupa alipoiona moyo ukamshuka.

Binti akakaa kando yake barazani, akaifungua, akaipindua. Ilikuwa tupu.

"Nimewaambia niliyejifunza kwake hana leseni," akasema. Akatoa ile futi ya kamba mfukoni, akaiweka kwenye mapaja ya mama yake. "Nimekosa, mama."

"Umekosa sana," akasema Mama Chupa. "Haya, sogea kivulini."

* * *

Saa nane Bwana Muhuri alikuja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, maana gari la Dola halikupita kwenye kichochoro kile, na suruali ilikuwa nyingine. Nyuma yake alifuata Karani na mkoba, na nyuma ya Karani alifuata Fundi, aliyetolewa mgodini ili amshauri mkewe. Majirani wote wakakumbuka kuwa wana nguo za kuanika.

"Mama," akasema Bwana Muhuri, "mgodi mzima umesimama."

"Karibu, mheshimiwa. Kiti hicho hapo." Kilikuwa kigoda cha jikoni. Mwakilishi wa Dola akakikalia, magoti yakamfika kifuani.

"Nitakugongea leseni yako sasa hivi. Upike."

"Bila mtihani?" Mama Chupa akashtuka kwelikweli, au karibu na kweli. "Mheshimiwa, watu watasemaje?"

"Mke wangu," akaanza Fundi.

"Wewe nyamaza, baba, leo nasema mimi," na akasema kwa upole, maana alimpenda. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Kabla ya leseni, niambie kitu kimoja tu, maana sisi wa huku hatukusoma. Hayo magogo mawili yako ndani. Yamekwisha kusimama. Kwa nini watu wako wasiingie?"

"Unajua kwa nini! Kwa sababu hayajanywewa chai!"

"Ala. Si ungewajazia taarifa? Nakala tatu?"

"Mama, usinitanie, nimewapelekea taarifa toka asubuhi! Hawataki taarifa!"

"Wanataka nini?"

"Wanataka Fundi akae..." Akajishika, lakini jua lilikuwa kali na kigoda kilikuwa kifupi. "Wanataka akae chini yake anywe chai!"

"Kwa hiyo baada ya gogo kusimama, jambo la kwanza kufanywa ni nini?"

"Kukaa chini yake na kunywa chai!" Bwana Muhuri akapiga kelele, na kichochoro kizima kikamsikia, mpaka kwa wale waliokuwa wanaanika nguo zilizokwisha kukauka.

Mama Chupa akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti la mheshimiwa, kwa adabu, akiinyoosha kwa kiganja. Akaweka kidole kwenye swali la saba. Pale palipoandikwa UVIVU.

Bwana Muhuri alisoma. Shingo yake ikabadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Karani, bila kuambiwa, akachomoa kalamu mfukoni, akampa mkuu wake kwa mikono miwili. Mwakilishi wa Dola akaikata ile sifuri, akaandika kumi. Akajumlisha upya.

"Ishirini na moja," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini, mama, bado amefeli. Inatakiwa hamsini."

"Najua, mheshimiwa, hesabu tunaijua. Bado maswali matatu." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, washa moto. Usiharakishe, tuna mchana mzima." Kisha akaichukua karatasi kutoka gotini mwa mgeni, akaigeuza upande wake.

"Swali la tatu," akasema Mama Chupa. "Kwa nini gogo halipakwi rangi? Jibu kwa maneno yako mwenyewe. Na tafadhali, mheshimiwa, usichungulie."